Nani Alikuona?

Kitabu hicho hakina jalada. Nilikinunua pamoja na koleo mbili na taa ya mkono kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo yake kambini, karibu na Robanda, ambako nilikuwa fundi wa jenereta. Yeye alidhani ninataka koleo tu. Kitabu kinahusu namna mtu anavyokua, tangu anapozaliwa mpaka anapokaa uani akingoja kufa. Kimeandikwa kwa Kiingereza kizito, nami nilikisoma kwa kamusi, ukurasa baada ya ukurasa, asubuhi kabla ya kazi. Nilikuwa nimepita miaka arobaini na sikuwa na mwalimu wa kumuuliza.

Wataalamu waliomo humo hawapatani. Mmoja anasema mambo yote yameshaamuliwa katika miaka ya kwanza, kwa kile mama alichompa mtoto na kile alichomnyima. Mwingine anasema mtu hufundishwa kama maksai wa kulimia: huku fimbo, huku majani, mpaka aijue mifereji. Wa tatu anasema akili yenyewe hubadilika umbo, kiasi kwamba mtoto mdogo akiona maji yanamiminwa kutoka chombo kipana kwenda chembamba huamini yameongezeka. Hilo nililipima mwenyewe kwa mafuta ya mashine, mbele ya watoto wa mpishi wa kambi. Ni kweli. Wadogo walichagua chupa nyembamba, na mmoja wao alinitukana nilipomwambia mafuta ni yale yale.

Lakini ukurasa uliochakaa zaidi ni ule wenye ngazi. Mchoraji amemweka mtu kwenye kila kidato, kwanza mtoto mchanga na mwisho mzee mwenye mkongojo, na chini ya kila kidato ameandika umri na swali ambalo mtu wa umri huo lazima alijibu. Mtoto mchanga anauliza kama dunia inaaminika. Kijana anauliza yeye ni nani. Mtu mzima anauliza ataacha nini. Swali lisilojibiwa, kinasema kitabu, mtu hupanda nalo kama jiwe ndani ya kiatu.

Nilijitafuta kwenye ngazi hiyo. Nilianza na umri wa miaka kumi na sita, kumi na saba, katikati ya miaka ya hamsini, nyumbani kwetu Nyarero. Kwa umri nilikuwa kidato cha kijana. Kwa sheria za nyumbani nilikuwa kidato cha chini yake, pamoja na watoto wanaolia wakinyang'anywa kiazi. Sikuwa nimebaki huko kwa uvivu wa mwili wala wa akili. Nilibaki kwa sababu kulikuwa na mtu Kericho.

Mtu huyo ni kaka yangu, mzaliwa wa kwanza wa mama yetu. Kwetu Wakurya mdogo hatahiriwi kabla ya mkubwa wake. Hakuna hoja ya kulizunguka hilo. Kaka aliondoka nyumbani akiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, kabla hajatahiriwa, akavuka mpaka wa Kenya pale Sirari na kwenda kuchuma chai. Hakugombana na mtu. Alitaka baiskeli. Akawa analeta habari kupitia kwa watu wanaorudi: yuko mzima, ameongezewa kazi, atakuja. Misimu ya tohara ikaja na kupita. Mimi nikaota ndevu.

Ndevu hazikunisaidia. Niliendelea kuwa omorisia, mvulana asiyetahiriwa, mtu wa mbuzi. Nilikula na wadogo zangu kwenye chungu chao. Nililala kwenye nyumba ya mama, nikiwa nimekunja miguu. Darasani niliwapita wengi kwa hesabu, lakini tukitoka nje wenzangu walikwenda kukaa kwenye mawe yao na mimi nilikwenda kukaa na wale wa kucheza mpira wa matambara.

Aliyenitesa zaidi ni kijana wa nyumba ya jirani. Nilimzidi umri waziwazi; mama aliwahi kunituma kupeleka maziwa kwao alipozaliwa. Alikuwa ametahiriwa msimu uliopita. Siku moja tulikutana kisimani, mimi nikiwa na mbuzi, yeye akiwa na fimbo yake mpya iliyopakwa mafuta. Akasimama katikati ya njia.

"We mtoto," akasema, "shikamoo yangu iko wapi?"

Kikurya kina salamu zake. Ninaiandika shikamoo kwa sababu ndiyo maana yake.

"Nimekubeba mgongoni wewe," nikamwambia. "Ulinikojolea."

"Inawezekana. Punda naye hubeba watu. Shikamoo?"

Wasichana waliokuwa wakichota maji wakacheka. Nikatoa shikamoo. Akaitikia polepole, kama mzee anayemeza kitu kitamu, kisha akanionya nisiache mbuzi wangu wakachafua maji ya watu wazima.

Kitabu changu kingesema kwamba hilo lilikuwa jambo kati yangu na yeye, au kati yangu na nafsi yangu. Haikuwa hivyo. Nilipoanza kulichunguza kwa utaratibu niliona kwamba nyumba yetu nzima ilikuwa imesimama. Baba alikuwa mkulima wa kahawa, mtu mwenye maneno machache na ng'ombe wa kutosha, lakini mtu ambaye mzaliwa wake wa kwanza hajatahiriwa haketi na wazee kwenye chungu cha pombe. Alikuwa ameshatengeneza mrija wake wa kunywea chunguni, mrefu, wenye kichujio kizuri kilichosukwa kwa mkono wake, akauchomeka kwenye nyasi za paa juu ya mlango. Ulikaa huko miaka. Moshi uliupaka rangi ya kahawia. Kulipokuwa na pombe ya ulezi kwa jirani, baba alikunywa kwa kibuyu, pembeni, na vijana waliooa juzi. Mama naye, wenzake walioolewa msimu mmoja naye walikuwa wakiketi upande wa wanawake wakubwa. Yeye alikuwa bado anawachotea maji.

Basi ilikuwa kama ng'ombe waliofungwa kwenye kamba moja. Wa mbele akisimama, wote wanasimama, hata yule aliye nyuma kabisa ambaye hajui kwa nini.

Mwaka ninaousimulia, inchama, yaani baraza la siri la wazee wanaosoma dalili za mambo, lilitoa neno baada ya ulezi kuanza kuiva: msimu huu tohara ipo, na baada ya huu itafungwa. Kwa muda gani, hawakusema. Huwa hawasemi. Inaweza kuwa mwaka mmoja, inaweza kuwa mitatu. Tangu siku ile sikuweza kukaa. Nilikuwa nikiamka, nafungua mbuzi, nawapeleka mbali kuliko ilivyohitajika, upande wa barabara ya Sirari, ili nione nani anakuja. Kenya wakati ule ilikuwa katika hali ya hatari, na askari walikuwa wakikagua vipande, yaani vitambulisho, vya watu barabarani. Mtu angeweza kutaka kuja na asifike. Mbuzi walikonda kwa sababu yangu. Mama alisema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Baba alipeleka neno kwa mwanamke mmoja wa ukoo wetu aliyekuwa akifanya biashara ya tumbaku hadi Kisii na zaidi. Neno lilikuwa fupi: mwambie nyumba inamngoja.

Alikuja. Nilimwona mimi wa kwanza, kutoka juu ya jiwe, mtu aliyevaa kofia akisukuma baiskeli kupanda mlima, na mzigo nyuma umefungwa kwa mpira. Sikumtambua mpaka alipopiga mluzi tuliokuwa tukiitia ng'ombe. Nikaacha mbuzi nikakimbia. Alikuwa na viatu vya ngozi, saa ya mkononi, na kitambi kidogo. Aliniangalia juu na chini.

"Mura," akasema, kama kwetu anavyoitwa kijana, "wewe ni mrefu kuliko mimi. Nani amekuruhusu?"

Nyumbani mama alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama anayekagua sufuria sokoni. Baba alimsalimia kwa utaratibu, akauliza habari za safari, za askari, za mvua za huko. Tukala. Baada ya chakula baba akasema kile ambacho kila mtu alikuwa ameketi juu yake.

"Jumapili wewe utatangulia, mdogo wako atafuata. Nimeshazungumza na wazee."

Kaka akacheka, bila ubaya, kama mtu aliyeambiwa aende shule ya watoto.

"Baba, hilo nimeshamaliza zamani."

"Umemaliza nini?"

"Nimeshatahiriwa. Kericho, hospitali ya shamba. Wakipsigis walikuwa hawataki kula nami. Wananiita mtoto, na mimi ninabeba kikapu kizito kuliko wao. Nikaenda kwa daktari. Akanichoma sindano, nikalala. Kuamka, kazi imekwisha. Siku ya tano nilikuwa shambani."

Mama alikuwa ameshika kata ya maziwa, akaiweka chini. Baba akauliza.

"Nani alikuona?"

"Daktari."

"Daktari ni wa ukoo gani?"

"Ni Mhindi, baba."

"Mhindi," baba akarudia. "Na wewe mwenyewe, ulijiona?"

"Nilikuwa nimelala, nimekwambia."

"Kwa hiyo hata wewe hukuwepo."

Mama akaangua kicheko, hakuweza kujizuia, na kaka akacheka pia, lakini baba hakucheka. Alisimama, akaangalia mrija wake kwenye paa kama anayehakikisha kwamba uko, akatoka kwenda kwa wazee.

Nimerudia mazungumzo hayo mara nyingi. Mtaalamu wa ngazi angesema kaka amepanda kidato: mwili umekua, tohara imepita, ana kazi, anaongoza watu. Huko Kericho alikuwa nyapara wa wachumaji, wanamwamkia asubuhi, na kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akimpikia. Kwa baba yote hayo yalitokea mahali pasipo na macho. Kwetu mtu hakui kama mgomba, ambao ukuaji wake hauna haja ya kushuhudiwa. Anatembezwa mbele ya watu wanaomjua, alfajiri, kwenye baridi; wanaangalia kama kope zake zitacheza. Wasipoona hakuna kilichotokea. Hao waliosimama naye siku ile ndio esaro yake, kundi lake la maisha yote: hao ndio atakaowatania, watakaomwazima ng'ombe, watakaobeba jeneza lake.

Baba alirudi kesho yake mchana na jibu la wazee. Alilisema akiwa amesimama.

"Hawakukataa. Wamesema aliyekatwa akiwa amelala hajasimama. Asimame. Atakwenda mtoni na wengine, atapanga mstari na wengine, atakuwa wa kwanza na mdogo wake nyuma yake. Ngariba atamgusa kwa kisu, tone moja tu litoke. Watu watamwona. Basi."

"Na nitakuwa esaro gani?" kaka akauliza. Hilo alilielewa haraka kuliko mimi.

"Ya mwaka huu."

"Pamoja na watoto hawa?"

"Pamoja na wanaosimama."

Kaka alivua kofia, akaifuta ndani kwa kidole, akaivaa tena. Nilimwona anahesabu. Wenzake wa umri walikuwa wametahiriwa miaka mingi iliyopita. Walikuwa na wake, na wengine watoto. Akisimama mwaka huu, angekuwa chini yao mpaka kufa. Angekuwa sawa na mimi. Angekuwa chini ya kijana wa jirani.

"Baba," akasema, "mimi ni nyapara. Watu wazima wananivulia kofia. Siwezi kusimama uchi na watoto niguswe kama mbuzi anayechunguzwa. Jumatatu natakiwa kazini."

"Sijakulazimisha," baba akasema. "Nimekuletea jibu."

Siku zilizofuata sizikumbuki kwa mpangilio, nami ni mtu wa mpangilio. Nakumbuka nikimfuata kaka kila mahali. Akienda kusalimia watu, nimo nyuma. Akienda kuoga, nangoja kwenye njia. Sikumwomba. Mdogo hamwombi mkubwa kitu kama hicho, na pia niliogopa kwamba nikiomba atasema hapana kwa sauti, na neno likishasemwa kwa sauti lina miguu. Usiku niligeuka geuka mpaka wadogo zangu wakanipiga mateke. Mchana nilichonga fimbo, nikaivunja, nikachonga nyingine.

Mama yeye hakunyamaza. Alikuwa akimtania kaka akipita na kuni, akimtania akikoroga ugali.

"Nyapara, niletee maji. Au huko maji yanaletwa na sindano?"

"Mama, acha."

"Nimeacha. Nauliza tu. Nilikuzaa mimi, nikiwa macho, wanawake watatu wakinishika. Sikujua kwamba siku hizi mtu anaweza kulala na kuamka ni mwingine. Ningelala mimi, niamke ni bibi harusi."

Kaka alicheka kila mara. Nilianza kukichukia kicheko kile, kwa sababu baada yake mambo yalibaki palepale.

Jumamosi nilimkuta nyuma ya nyumba akiwa amepindua baiskeli, anapaka mafuta mnyororo. Nilielewa maana ya mafuta hayo. Nikachuchumaa, nikashika gurudumu ili lisizunguke ovyo.

"Twende wote," akasema bila kuniangalia. "Hospitali iko pale pale. Nitazungumza na daktari. Unalala, unaamka, nakutafutia kazi ya kupima majani, wewe unajua hesabu. Mwaka mmoja una baiskeli yako."

Sitasema uongo kwamba sikuvutwa. Niliiona baiskeli. Niliona pia kwamba ndiyo njia pekee ambayo hakuna mtu angeweza kunifungia. Nikafikiri mpaka akamaliza upande mmoja wa mnyororo.

"Na wanaonifuata?" nikauliza. Nilikuwa na wadogo wawili wa kiume.

"Nao watakuja Kericho wakikua."

"Wote?"

"Wote."

"Na mrija wa baba nao uje?"

Akasimamisha mkono. Hilo sikulipanga, lilitoka kwa sababu nilikuwa nimechoka. Alitazama kidogo upande wa mlango, ingawa kutoka pale tulipokuwa mrija hauonekani, kisha akaendelea na mafuta.

"Unajua kwa nini nilicheka baba aliponiuliza?" akasema baadaye. "Huko hospitali nilipoamka hakukuwa na mtu. Chumba cheupe. Nikangoja waje waimbe. Najua ni ujinga, nilijua hawatakuja, lakini nilikaa nikisikiliza. Akaja mfagiaji, akaniambia ninyanyue miguu afagie chini ya kitanda."

"Ukafanya nini?"

"Nikanyanyua miguu." Akazungusha pedali, mnyororo ukalia vizuri. "Kesho naondoka alfajiri. Usiniamshie watu."

Jumapili niliamka anga ikiwa bado ya kijivu. Baiskeli haikuwepo ukutani. Nilisimama pale ilipokuwa imeegemea, nikaona alama ya tairi kwenye umande, ikielekea nje ya boma. Ilikuwa siku yenyewe. Kutoka mlimani nilisikia filimbi na kelele za vijana waliokuwa wakiwakusanya wanaotahiriwa kuwapeleka mtoni. Baba alikuwa ameshaamka, amekaa kwenye kiti chake kidogo karibu na zizi. Aliniona. Aliona ukuta.

"Fungua mbuzi," akasema.

Nikafungua mbuzi. Hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote niliyowahi kuambiwa na baba yangu, na aliyasema kwa upole. Nikawapeleka chini kwa njia ya mto kwa sababu ndiko walikozoea, sio kwa sababu nilitaka kuona. Nilikusudia kupita kando, nyuma ya migomba, mpaka kelele ziishe.

Kwenye mti wa kivukoni kulikuwa na baiskeli imeegemezwa. Kwenye usukani ilining'inia kofia, na ndani ya kofia saa. Viatu vilikuwa chini, vimepangwa sawasawa, soksi ndani yake.

Nikatazama majini. Wavulana walikuwa wamesimama kwenye maji ya baridi yanayofika kiunoni, mabega yamepanda hadi masikioni, na katikati yao alikuwepo mtu mzima mwenye kitambi, anatetemeka kuliko wote. Vijana wa ukingoni, wale wa esaro ya mwaka uliopita, walikuwa hawajawahi kupata chakula kizuri kama kile.

"Jamani, mzee amekuja kubatizwa!"

"Mwangalieni! Kwa huyu ngariba atahitaji panga!"

"Nyapara, tupange mstari tuchume chai!"

Kijana wa jirani alikuwa miongoni mwao, anacheka mpaka ameshika tumbo. Kaka aliangalia mbele. Aliponiona nimesimama na mbuzi, akapaza sauti, meno yakigongana.

"We omorisia! Unangoja nini? Nikiganda humu utabaki na mbuzi hao mpaka uwe babu!"

Nikaangusha fimbo. Mbuzi niliwaacha walivyokuwa. Baadaye walikutwa wamekula mche wa kahawa wa mtu, na siku ile hakuna aliyedai. Nikavua nguo nikaingia. Sikusikia baridi, au niliisikia na sikuwa na nafasi ya kuijali. Nilikwenda nikasimama nyuma yake.

Habari ya mstari wenyewe nitaisema kwa ufupi, kwa kuwa yaliyo yake hayasimuliwi yote. Baba alikuwepo. Sijui nani alimkimbilia kumwambia, lakini tulipopanda kutoka mtoni alikuwa kwenye umati, amevaa nguo yake ya kanisani, na mama upande wa wanawake hakuwa na kata wala mtungi mkononi. Kaka alisimama wa kwanza. Ngariba alimwangalia kama fundi aliyeletewa kazi iliyokwishafanywa na fundi mwingine, akanong'ona kitu nisichosikia, kisha akamgusa. Tone lilitoka. Watu walikuwa wakicheka mpaka hapo. Kisu kilipomgusa wakanyamaza, wote, hata vijana wa ukingoni, kwa sababu waliona kwamba uso wake ulikuwa umesimama kabisa, uso wa mvulana wa miaka kumi na mitano ambaye hakutaka kuaibisha watu wake. Mzee mmoja wa ukoo akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayetoa taarifa ya mvua, "Tumemwona."

Halafu ikawa zamu yangu. Maumivu siyakumbuki. Nakumbuka kisogo cha kaka, palipokuwa na mstari wa kofia.

Alikaa na sisi siku zote za kupona, ingawa yeye hakuwa na kidonda cha maana, akipakwa unga kama sisi, akifundishwa nyimbo na vijana aliowazidi umri. Jumatatu yake ya Kericho ilipita. Aliporudi huko baadaye alikuta kuna nyapara mwingine, akaanza tena na kikapu. Habari hiyo hakuniambia yeye; niliipata kwa yule mwanamke wa tumbaku. Siku tuliyotoka ndani, baba aliushusha mrija kutoka kwenye paa, akaupulizia, akatoka nao mkononi kwenda kwenye pombe ya jirani. Hakuuficha chini ya nguo, kama ilivyo desturi ya mtu asiyetaka kujionyesha. Aliubeba wima.

Nimejaribu mara nyingi kuliweka jambo hili kwenye ukurasa wa ngazi. Haliingii. Mchoraji ameweka watu wanaopanda, kila mmoja peke yake, kila mmoja anajibu swali lake. Hakuchora mtu anayeshuka ili mlango ufunguke kwa walio nyuma. Kwenye pambizo nimepiga mstari kwa penseli kutoka kidato cha mtu mzima kwenda chini, nikaufuta, nikaupiga tena. Karatasi imeanza kutoboka. Mwanangu wa pili, anayesoma ualimu, ameniambia kwamba vitabu vipya vimesahihisha mengi. Nimemwomba aniletee.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi Nyarero. Kaka alikuja, anaishi Tarime siku hizi, nywele zimekuwa nyeupe zote, anatembea na fimbo kwa sababu ya goti. Tuliketi pamoja, tunataniana kama wenzi wa esaro moja wanavyotaniana, kwa maneno ambayo ndugu wa tumbo moja hawaruhusiwi kuambiana. Alikuwa katikati ya tusi refu kuhusu upara wangu wakati kijana wa jirani alipoingia. Ninaendelea kumwita kijana; ana wajukuu. Alisimama mbele yetu, akaegemea fimbo yake, akangoja.

Nilimwangalia kaka. Alishika kiti kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, akajiinua, goti likalia. Akavua kofia.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," akasema yule, polepole, kama anayemeza kitu kitamu. Kisha akamshika kaka kiwiko, akamsaidia kuketi.